Pumzi inakata kilomita ya tatu: nivute kwa pua au kwa mdomo?

SWALI: Habari kocha. Nina miaka 34, nilianza mbio ndefu mwaka jana. Nikikimbia kilomita 10, ya kwanza naimaliza kwa dakika 5 na sekunde 30 nikiwa mwepesi kabisa. Nikifika ya tatu pumzi inakata, nahema kama nimefukuzwa, na mara nyingine kichomi kinanishika ubavu wa kulia. Namaliza kwa dakika 66 hivi, tena kwa kutembea hapa na pale. Wenzangu wengine wananiambia nivute kwa pua na kutoa kwa mdomo, wengine wanasema nihesabu hatua. Nifuate lipi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Nianze na lile ulilolitaja kama jambo dogo: dakika 5 na sekunde 30. Anayekwenda hivyo mwanzo hadi mwisho anamaliza kilomita 10 kwa dakika 55. Wewe unamaliza kwa 66. Kilomita ya kwanza unakimbia mbio za mtu mwingine, na kwenye ya tatu pumzi inakuja kudai deni lake. Ufundi wa pua au mdomo haulilipi.

Inakuwa hivi. Ukivuka kasi unayoimudu, misuli inazalisha tindikali nyingi. Damu inaipunguza makali, na katika kazi hiyo inatoka kaboni dioksaidi ya ziada. Ubongo hauivumilii ikizidi, kwa hiyo unakulazimisha uheme ili itoke. Wengi hudhani wanatweta kwa sababu oksijeni imeisha. La. Kwa mtu mwenye afya, asiyekimbilia milima mirefu, damu inayotoka mapafuni huwa bado imebeba oksijeni karibu yote inayoweza kubeba. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na ile unayoitoa bado inabaki na kama 16. Kinachokubana zaidi ni kile ambacho hujakitoa.

Na hapo ndipo wanaoanza wanapokosea. Akibanwa anavuta, kisha anavuta tena juu ya hewa ambayo hajaitoa, mabega yanapanda mpaka karibu na masikio, pumzi zinakuwa fupi za kifuani. Piga hesabu: katika kila pumzi, kama mililita 150 huishia kooni na kwenye mirija, hazifiki mahali hewa inapobadilishana na damu. Ukipumua mara 40 kwa dakika, nusu lita kila mara, umepitisha lita 20 na 6 kati yake zimepotea njiani. Pitisha lita hizo hizo 20 kwa pumzi 20 za lita moja moja, zinapotea 3 tu. (Mbioni utahitaji zaidi ya lita 20, lakini hesabu inakwenda vivyo hivyo.)

Kwa hiyo jifunze kutoa kwanza. Lala chali, weka kitabu juu ya kitovu. Toa pumzi polepole mpaka tumbo likaze na kitabu kishuke, kisha legeza. Hewa itaingia yenyewe na kitabu kitapanda bila kifua kuhangaika. Dakika 5 kila usiku zinatosha. Baada ya wiki mbili fanya hivyo ukitembea, ndipo ukikimbia taratibu. Usiruke hatua ya kutembea. Wengi huiruka na ndiyo maana wanarudi kwenye mabega.

Pua au mdomo? Vyote viwili. Pua inachuja vumbi na kuipa hewa joto na unyevu, ila njia yake ni nyembamba. Mimi huitumia kama kipimo: nikiweza kukimbia kwa pua peke yake, najua kweli naenda taratibu. Kasi ikiongezeka, fungua mdomo wala usione haya.

Kuhesabu hatua kuna ukweli wake. Mwaka 1983 watafiti Bramble na Carrier walionyesha kwamba wakimbiaji huoanisha pumzi na miguu, na mpangilio uliotumika zaidi ulikuwa pumzi moja kwa hatua nne. Farasi akienda shoti hana uchaguzi, pumzi moja kwa kila mruko; binadamu anaweza kubadilisha. Ukipiga hatua 170 kwa dakika, kuvuta kwa hatua mbili na kutoa kwa mbili ni pumzi kama 42. Tatu kwa tatu ni kama 28, inafaa mbio za polepole. Ukijikuta umeshuka hadi hatua mbili kwa moja na ungali kilomita ya tatu, umezidisha kasi. Hesabu zitumie kujipima, kisha ziache. Niliwahi kukimbia wiki nzima nikihesabu tu, mpaka nikajikwaa kwenye shimo nililokuwa nikiliona kila siku.

Kichomi chanzo chake bado kinabishaniwa. Kinachosaidia kinajulikana: usile mlo mkubwa wala kunywa vinywaji vya sukari nyingi katika saa mbili za kabla ya kukimbia. Kikishika, punguza mwendo, bonyeza pale panapouma huku ukitoa pumzi ndefu.

Safari ijayo anza kilomita mbili za kwanza kwa dakika 6 na sekunde 50. Utaona kama unajichelewesha. Vumilia. Uweze kusema sentensi nzima bila kuikata katikati; ukishindwa, shusha mwendo zaidi. Kuanzia ya tano, kama pumzi ipo, ongeza kidogo kidogo.

Jambo moja hukulitaja nami naliuliza: je, ukishasimama unakohoa au kifua kinapiga mluzi kwa dakika kadhaa? Kama ndiyo, hiyo inaweza kuwa mirija inayobana kwa sababu ya mazoezi, na mazoezi ya kitabu hayataitibu. Nenda kwa daktari. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu ukiwa unakimbia, usisubiri kabisa. Na mweleze daktari kwamba mluzi unakuja baada ya mbio, ili ikiwezekana akupime baada ya mazoezi, kwa kuwa ukipimwa umekaa kifua cha namna hiyo mara nyingi huonekana kizima.