Mnaoanza kazi kwenye uwanja wa gofu wenye nyumba

Wadogo zangu mnaoingia kazi ya kutunza uwanja wa gofu hapa Malindi, kabla hujashika mashine ya nyasi tembea uwanja mzima kwa miguu, na macho yako yawe kwenye nyumba kwanza. Uwanja ulio katikati ya makazi ya watu haufanani na wa kilabu cha mjini. Mwenye nyumba amelipia mandhari, na utulivu pia.

Mchoraji mzuri wa uwanja hapangi nyumba ovyo. Wachezaji wengi hupiga kwa mkono wa kulia, na mpira wa asiyezoea hupinda kwenda kulia. Nyumba ikikaa upande huo, pale pigo la kwanza linapoangukia, itapigwa tu. Makuti humeza mpira, kioo hakimezi. Basi ukiona mvinje au bogenvilia imesimama mahali unapodhani haina kazi, usishike panga. Uliza. Huenda ndiyo inayokinga baraza ya mtu. Vilevile vigingi vyeupe ndiyo mpaka wa uwanja: ukiving'oa kupitisha mashine, virudishe palepale, maana mpira ukivuka mchezaji anaongezewa pigo moja na kurudi alikopigia.

Ukipata nafasi, fika Vipingo Ridge, upande wa Mombasa ukitoka Kilifi. Uwanja wake wa Baobab ulichorwa na David Jones, na mwaka 2019 ulipokea mashindano ya gofu ya wanawake, Magical Kenya Ladies Open. Tazama mibuyu. Mimi naona uwanja wa pwani usio na miti yake ya asili hauna sura.

Sasa chumvi, na hapa nataka mnisikilize sana. Kiangazi cha kaskazi, Januari hadi Machi, pampu ikivuta kupita kiasi maji ya bahari hupenya chini kwa chini hadi kisimani. Onja maji kwa ulimi, usingoje kuambiwa. Ncha za majani zikikauka na udongo ukiota unga mweupe, wengi hukimbilia mbolea, na mbolea za dukani nyingi zenyewe ni chumvi. Unaiua nyasi ukidhani unailisha. Mwagilia kwa nafasi lakini kwa wingi, maji yazame yaisukume chumvi chini ya mizizi. Nyasi aina ya paspalum huvumilia chumvi kuliko aina ya bermuda, ila hata yenyewe ina kikomo.

Grini, yaani kiwanja cha nyasi fupi penye shimo, hukatwa alfajiri kabla ya wachezaji, na shimo, lenye upana wa milimita 108, huhamishwa ili nyasi za kuzunguka zipumzike. Anza na grini zilizo mbali na vyumba vya kulala, za karibu na nyumba ziache mwisho. Na upepo wa kusi ukishika, njia za kuchezea zinazoelekea kusini huwa ndefu kwa mchezaji. Mkumbushe msimamizi asogeze mbele alama za kuanzia.