Geji ya oili ikipanda, usishangilie bado

Juzi kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Shikamoo fundi. Mashine yetu ya milingi ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ikitembea taratibu kwenye mhimili wa X inakwama, halafu inaruka. Geji ya oili iko poa, tanki limejaa. Tumeambiwa servo mota imekufa." Marahaba. Mota, ile inayosogeza meza ya mashine, iache kwanza. Tuanze na oili ya kulainisha slaidi, yaani njia za chuma ambazo meza inateleza juu yake.

Hayo maneno "geji iko poa" nayafahamu, yamenitoa jasho. Karakana niliyofanyia kazi Chang'ombe, Dar es Salaam, ilikuwa na mashine ya slaidi pana za chuma. Mhimili wa Y ukaanza kulia, lodi (mzigo wa mota) ikapanda kwenye skrini, kazi zikawa zinatoka na mawimbi. Tajiri akaleta mtaalamu wa mbali. Jamaa akachomeka laptopu, hakufungua kava hata moja, akaandika: badilisheni bolskrubu, ile skrubu ndefu inayosukuma meza. Niliposema tatizo ni oili, nikaambiwa fundi spana asiingilie mambo ya kompyuta. Mbele ya vijana wangu.

Jioni nikabaki. Nikafungua makava, nikafuta slaidi zote kwa kitambaa cheupe, nikavuta kishikio cha pampu, nikasubiri. Kwingine kote utando wa oili ukajitokeza. Upande wa kushoto wa Y, kukavu, na kitambaa kimetoka na rangi ya chai kavu. Kufuata paipu nikaikuta ya nailoni, ile ya milimita 4, imesuguliwa na kava hadi ikatoboka. Oili yote ya upande ule ilikuwa inateremkia kwenye tanki la kulanti (maji ya kupozea kazi), ambako watu waliiengua kila asubuhi na hakuna aliyeuliza inatoka wapi.

Sasa geji ilidanganyaje? Kwenye mifumo mingi ya aina hii, pampu inasukuma oili kwenye laini moja, na kila sehemu ina vali yake ndogo yenye tundu jembamba. Presha unayoiona inatokana na ubishi wa matundu hayo. Paipu ikitoboka baada ya vali, tundu bado linabisha, geji inapanda kama kawaida. Vali moja ikiziba, oili inapita kwa wenzake na geji haitikisiki. Laini kuu ikikatika ndipo sindano inagoma kupanda au inaanguka papo hapo. Ikipanda ikakaa juu bila kushuka, kuna kizuizi mbele, au laini kuu imebanwa mahali.

Kwa hiyo futa, pampu, tazama. Narudia: futa, pampu, tazama. Kila slaidi, na nati ya bolskrubu usiisahau.

Vali iliyoziba badilisha kwa yenye namba ileile. Nimeona mtu akiitoboa kwa drili "ipitishe vizuri", akazinyima oili vali nyingine zote. Na oili iwe ya slaidi, VG 68 (namba ya uzito wake). Haidroliki 68 ina uzito uleule lakini haina ule mnato wa kung'ang'ania chuma, kulanti inaiosha.

Bolskrubu haikununuliwa. Mashine ilitembea, tajiri akamshukuru mtaalamu kwa simu, nikiwa nimesimama pale pale. Siyo kwamba nalilia sifa, ila nyie vijana mnaojifunza siku hizi mnakimbilia skrini kabla hamjachafua mikono. Alamu ya oili kwenye mashine nyingi inajua kiwango cha tanki na presha ya laini, basi. Slaidi ikiwa kavu, alamu haijui. Anayejua ni wewe mwenye kitambaa, na usikubali mtu akunyamazishe kwa sababu ana begi zuri.

Ukishafunga paipu mpya, toa hewa: endelea kupampu hadi oili itoke bila mapovu, ndipo ukaze kiungo. Halafu chora mstari wa peni kwenye tanki na uandike tarehe. Wiki ikipita mashine inafanya kazi na oili iko palepale kwenye mstari, fungua tena makava uanze upya.