Viua vya Mnazi Vinavyodondoka

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, minazi yangu sita mirefu hudondosha kila siku viua vidogo vya manjano hafifu, vikatapakaa uani kama mchele. Majirani wanasema imeugua na sitavuna nazi. Je, ni kweli?
Msomaji, Pangani

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako huo si ugonjwa. Vinavyodondoka ni viua dume vilivyomaliza kazi yake. Mnazi hauchanui ua mojamoja, bali hutoa shada zima pale kuti linapoungana na shina, likiwa limefunikwa na karara; karara likipasuka, hujitokeza panda lenye vijitawi vingi. Mwombe mkwezi akuteremshie panda moja ulitazame kwa makini, maana linastahili. Utaona kwamba katika kila kijitawi viua dume vimesongamana kwa wingi mpaka nchani, ilhali maua ya jike, ambayo ni ya mviringo na makubwa zaidi, ni machache mno na yamekaa chini, karibu na mhimili wa panda.

Viua dume huanza kufunguka nchani na kuendelea kuteremka kwa muda wa wiki tatu hivi. Katika minazi mirefu kama yako, kwa kawaida humalizika kabla maua ya jike ya panda hilohilo hayajawa tayari, hivyo chavua hulazimika kuletwa na nyuki au upepo kutoka mnazi mwingine. Kwa sababu hiyo nimefurahi kusikia kwamba unayo sita. Kwa minazi mifupi, nyakati hizo hukutana na shada huweza kujichavusha lenyewe.

Ua la jike lililochavushwa huwa kidaka, kisha kitale, dafu, koroma na hatimaye nazi, safari ya takriban mwaka mmoja. Kwa kuwa mnazi wenye afya hutoa panda jipya karibu kila mwezi, hatua zote hizo huonekana juu ya mti mmoja kwa wakati mmoja.

Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni vidaka, wala si viua dume. Baadhi ya vidaka hupukutika kwa kawaida, kwani mti hauwezi kuvilea vyote. Lakini vikianguka vingi vikiwa na makovu, yumkini vimefyonzwa na kunguni wa minazi. Adui mkubwa wa kunguni hao ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ambao wakulima wengi huwachoma moto kwa sababu ya ukali wao. Kabla hujanunua dawa yoyote, mwulize mkwezi wako kama bado wamo makutini.