Mwanangu, kuhusu ile derringer ya mitutu miwili

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ununue ile derringer (bastola ndogo ya mfukoni) ya zinki ya bei ya chini, uongeze pesa uchukue ya kampuni ya Bond Arms, au uchukue Remington ya kale uliyoonyeshwa. Kibali unacho, basi jibu langu ni fupi: ongeza pesa.

Bastola hii ina vipande vichache, lakini kila kimoja kina mzigo. Mitutu imekaa mmoja juu ya mwingine, inafunguka kwa bawaba iliyo juu ya fremu na kufungwa kwa komeo moja. Risasi ikilipuka, bawaba na komeo ndivyo vinavyoumia. Aloi ya zinki ni laini kuliko chuma cha pua wanachotumia Bond; tundu la pini ya bawaba hupanuka taratibu, mitutu ikaanza kucheza, na pengo nyuma ya ganda likakua. Hapo pini ya kufyatulia inagonga fataki, ile sehemu ya risasi inayowasha baruti, kwa nguvu pungufu na risasi haitoki. Na rangi ya nikeli huficha mengi, usiamini mng'aro.

Remington hiyo ilitengenezwa kuanzia 1866 hadi 1935. Bawaba zake zinajulikana kwa kupasuka, na inatumia risasi ya .41 yenye fataki kwenye ukingo wa kitako chake, ambayo huipati kirahisi. Ni ya kuweka kabatini.

Unapokagua yoyote, kwanza fungua mitutu na utazame vyumba vyote viwili vya risasi, kisha ingiza ncha ya kidole. Ukiridhika ni tupu, funga, shika fremu kwa mkono mmoja na utikise mitutu kushoto, kulia na juu. Ikicheza, iache. Inyanyue kwenye mwanga uone pengo la nyuma: liwe jembamba na sawa pande zote. Halafu vuta nyundo hadi kituo cha kwanza, ukibonyeza kifyatulio isianguke. Hili usilipuuze, kwa sababu kwenye derringer nyingi za zamani nyundo iliyolala hugusa pini ya kufyatulia, na bastola ikidondoka inaweza kufyatuka. Tafuta yenye nyundo inayojirudisha nyuma na sefti (kizuizi cha usalama) ya kusukuma upande. Bond wanaweka vyote viwili.

Kujua kama pini zote mbili za kufyatulia, moja kwa kila mtutu, zinafanya kazi, elekeza mitutu juu, tumbukiza penseli isiyochongwa upande wa kifutio ndani ya mtutu mmoja, koki (yaani vuta nyundo hadi mwisho) na ufyatue. Penseli iruke. Koki tena, kwa mtutu wa pili, kwani nyundo hubadilisha pini kila inapokokiwa. Bastola za risasi ndogo ya .22, ambayo nayo ina fataki ukingoni, usizijaribu hivyo: pini hugonga ukingo wa chumba na kuuharibu.

Kaliba, yaani aina ya risasi? Chukua .38 Special. Ya .357 Magnum, yenye nguvu zaidi, katika bastola ya kama gramu 550 inapiga teke la kuumiza kiganja, na kwa mtutu wa inchi tatu baruti nyingi huwakia nje, kelele na moto vitakushtua kuliko faida utakayopata. Ya .410, risasi ya bunduki ya marisau, inavutia wengi, lakini mistari ndani ya mtutu huzungusha marisau, yakatawanyika kwa duara lenye uwazi katikati.

Hakikisha kuna kitoa maganda. Bila hicho utakuwa ukichokoa kwa kijiti. Ujue pia kwamba kifyatulio hubonyezwa kwa kuvuta nyuma na chini. Ukivuta nyuma tu kinakuwa kigumu mno, watu wakadhani bastola ni mbovu.

Kwenye uwanja wa shabaha, piga karatasi kwa mita tano, kila mtutu peke yake. Mitutu miwili haitapiga mahali pamoja kabisa, ila tofauti ikizidi upana wa kiganja ni mbaya. Bond wana matoleo ya Rough, yasiyong'arishwa, ambayo bei yake ni nafuu. Hayo ndiyo yanayokufaa.

Kabla hujalipa, nitumie picha ya bawaba ikiwa wazi, kushoto na kulia.

Baba yako