Sungura na kolibri wa Arizona

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu anayeishi Tucson, Arizona, ametutumia picha mbili alizopiga nyuma ya nyumba yake: sungura mwenye masikio marefu ajabu, na ndege mdogo aliyetulia hewani mbele ya ua. Je, ndege huyo ni chozi? Na viumbe wasiolingana hivyo wanawezaje kuishi katika jangwa moja? Msomaji wa Tanga.

JIBU: Huyo si chozi bali ni kolibri, jamii inayopatikana katika mabara ya Amerika pekee, na yaelekea ni Calypte anna, ambaye hukaa Tucson hata majira ya baridi. Amefanana na chozi kwa sababu wote hunyonya nekta, yaani maji matamu ya maua, wala hawana udugu wa karibu. Sungura naye ni Lepus californicus, mwenye mkia mweusi. Ana kilo 2 hadi 3, ilhali kolibri ana gramu 4 au 5 tu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua shida ya kila mmoja, kwani mwili mkubwa huchelewa kupoa na mdogo hupoteza joto upesi.

Sungura huteseka mchana. Hachimbi shimo, bali hujilaza kivulini katika kibonde alichokikwarua chini ya kichaka, na kwa kuwa maji yake mengi hutoka katika majani anayokula, hawezi kuyamaliza kwa kuhema. Masikio yake, yenye ngozi nyembamba na mishipa tele, hupoza damu maadamu hewa haijawa na joto kuliko mwili. Ikizidi, mishipa hujibana ili joto la nje lisiingie.

Kolibri, ambaye moyo wake hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika anaporuka, hofu yake ni usiku, asipoweza kula. Usiku wa baridi huweza kuacha joto la mwili lishuke kutoka nyuzi 40 hivi hadi karibu na lile la hewa, akatulia tawini, manyoya yametutumka, asiweze hata kuruka. Kabla ya kuondoka hutetemesha misuli ya kifua hadi apate joto tena.

Dada yako akitaka kumtundikia chupa ya kinywaji, achanganye kipimo kimoja cha sukari nyeupe na vinne vya maji, bila rangi yoyote, na aisafishe mara kwa mara. Sungura hahitaji msaada. Pengine mboga za bustanini ndizo zinazohitaji wavu.