Maswali yenu: masikio ya mtoto mchanga, na hii tabia ya kusubiri

Mtoto wangu ana miezi 3, nikipiga makofi anashtuka. Bado nimpime kusikia?

Mpime. Hili swali la makofi nishalijibu mara nyingi jamani na bado linarudi. Ukipiga makofi hewa inampiga usoni, mkono anauona, mlango ukibamizwa hata kitanda kinatikisika, sasa utajuaje kashtuliwa na nini? Halafu kuna anayesikia sauti kubwa tu, maneno yako ya kawaida hayamfikii. Na miezi ya mwanzo mtoto kiziwi analia, anacheka na kutoa visauti kama wenzake, kwa macho huwezi kumjua.

Kipimo kinauma?

Hakiumi. Wengi wanapimwa wamelala.

Alipimwa siku aliyozaliwa, wakasema hajapita masikio yote. Ndo kiziwi?

Si lazima. Siku ya kwanza sikio linaweza kuwa bado na maji na ule utando mweupe aliotoka nao tumboni, mashine inakwama hapo. Rudia kipimo. Ila naomba unisikilize vizuri, kurudia maana yake urudi kweli, maana kwenye nchi zetu zinazoendelea hapa ndo tunapowapoteza watoto, anaambiwa hajapita, mama anaruhusiwa, anaenda nyumbani na mambo yanaishia hapo. Lengo linajulikana: kupima kabla ya mwezi 1, kuthibitisha tatizo kabla ya miezi 3, kuanza msaada kabla ya miezi 6. Hospitali inayojisifu imepima watoto maelfu na haijui wangapi walirudi, mimi kwangu haijafanya kazi. Mwambie nesi akuandikie tarehe kwenye kadi ya kliniki kabla hujatoka wodini.

Nilijifungulia nyumbani, hospitali ya karibu haina mashine.

Siku ya chanjo uliza pale pale wapi wanapima, na usikubali jibu la "ataongea tu". Kwa wenye kupanga bajeti: pelekeni mashine kwenye kliniki za chanjo, maana hata waliozaliwa nyumbani wengi wao wanafika huko. Lagos, Nigeria, walishajaribu kwenye chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, Dk. Bolajoko Olusanya na wenzake wakatoa matokeo 2008, na ilionekana inawezekana.

Wangu ni njiti, alilazwa wiki 2 wodi ya mahututi. Kapita kipimo cha OAE, nitulie?

Usitulie. OAE ni kile cha kidude sikioni, kinatoa sauti kisha kinasikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani ya sikio. Hakikwambii kama sauti imefika kwenye ubongo. Mtoto aliyelazwa hivo, hasa kama alikuwa na umanjano mkali au alichelewa kupumua, anaweza akawa na sikio zima na mshipa wa kusikia ukawa na shida, kwahiyo dai ABR, ile ya kubandika vistika kichwani kuona kama sauti inafika kwenye ubongo. Kama alichomwa dawa ya jentamaisini au aliugua homa ya uti wa mgongo, sema pia. Na mnaoanika mtoto wa njano kwenye jua la asubuhi mkidhani mmemaliza, acheni, umanjano mkali unaua kusikia, mpelekeni akapimwe damu siku hiyo hiyo.

Kwetu hakuna kiziwi hata mmoja, kwanini nihangaike?

Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye tatizo la kusikia wana wazazi wanaosikia.

Nimtie mafuta ya moto sikioni?

Hapana. Usitie kitu.

Mama mkwe anasema tusubiri afike miaka 2, eti hata baba yake alichelewa kuongea.

Mheshimu mama mkwe, ila mtoto mpeleke. Lugha inaanza kujengwa kichwani muda mrefu kabla ya neno la kwanza. Mtafiti Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walionyesha 1998 kule Colorado, Marekani, kwamba waliogundulika kabla ya miezi 6 waliwazidi lugha waliogundulika baadae, na miaka 2 iko mbali mno na hapo. Akithibitishwa, vifaa vya kusikia anaweza kuvaa akiwa bado wa miezi michache, ila kile kipande chake kinachokaa sikioni kinabadilishwa kila anavyokua, uliza hilo mapema. Na wakati mnasubiri vifaa anzeni lugha ya alama nyumbani, haimzuii kuongea kama mnavyotishana, na bibi naye ajifunze kwasababu ndo anashinda nae.