Gelai na Shengena bado zipo Nairobi

Ndugu uliyeuliza kama zile injini kubwa za mvuke za njia ya Mombasa–Nairobi ziliuzwa zote kuwa vyuma chakavu: hapana. Mbili zimehifadhiwa Makumbusho ya Reli, Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, majina ya milima ya Tanzania. Zote zilikuwa 34, kazi ya kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956, kila moja tani 250 hivi, zikichoma mafuta. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji ya mvuke, limebebwa katikati ya seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, ndiyo maana urefu wote ule ulipita kwenye kona kali. Gelai ilifufuliwa baadaye ikatembea tena. Wapeleke watoto wakaione, tafadhali!